Riwaya Aliyofungia Njugu

Saa kumi na mbili asubuhi, Babra Athieno anapepeta njugu za moto kando ya barabara ya mpakani Busia, upande wa Uganda. Anachana ukurasa wa kitabu kikuukuu, anaukunja uwe pembe, anajaza, anampa mteja. Siku hizi husoma kwanza kabla ya kuchana. Amepata funzo, tena si dogo.

Vitabu vikuukuu huvinunua kwa kilo. Mwezi Machi aliletewa riwaya ya Kiswahili isiyo na jalada, naye akaanza kuichana kutoka nyuma kama kawaida yake, maana kurasa za mbele huwa chafu. Alipofika katikati, macho yakanasa kwenye neno moja: Petta.

Petta, wilayani Tororo, ndiko alikozaliwa. Akaketi akasoma, wateja wakangoja mpaka wakaenda zao.

Riwaya ni ya mauaji, enzi za mkoloni. Mtu wa Petta aitwaye Oboth anavuka mpaka kwa baiskeli kuuza tumbaku. Anamaliza mzigo, anaanza safari ya kurudi, kisha haonekani tena. Askari mmoja anaanza kumtafuta aliyemuua. Hapo kurasa zinaisha.

Sasa sikia balaa. Babu yake Athieno aliitwa Oboth. Aliuza tumbaku. Alivuka kwenda Kenya kwa baiskeli miaka ya hamsini, asirudi.

"Hii kitabu iko na babu yangu ndani," anasema. "Sasa nani aliua yeye? Mimi nimekwisha uza. Watu wamekula njugu, wametupa karatasi."

Ungecheka, lakini mwenyewe hacheki. Kwa wiki kadhaa aliwauliza wateja kama wamebakiza karatasi zake. Peninah, muuza chai jirani yake, alimwambia riwaya ni mambo ya kubuni, na kina Oboth wamejaa Tororo. Athieno anakubali. Halafu anauliza: mtu anabuni mpaka baiskeli na tumbaku?

Kinachomuumiza kichwa ni baba yake, mzee Opendi, ambaye ni mgonjwa sana. Kwa Jopadhola, kabila lao, marehemu hufanyiwa lumbe, sherehe ya mwisho ya kumuaga. Oboth hakufanyiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama alikufa au alioa huko huko. Opendi alikua akichekwa kwamba baba yake aliwatoroka.

Athieno alimsomea kitabu. Mzee aliomba asomewe tena pale Oboth anapoanza safari ya kurudi, akasomewa tena na tena.

"Kama waliua yeye, basi hakututupa," alisema. "Alikuwa anakuja nyumbani."

Kesho yake akaagiza lumbe ifanywe Desemba. Odwori, kaka yake Athieno, amekasirika: utamuagaje mtu wa hadithi? Athieno naye hajui ashike lipi. Leo anaamini, kesho anaona haya.

Hata hivyo ameshanunua mbuzi. Tumaini lake ni mzee aifikie Desemba. Na zile kurasa?

"Nimeacha kuuliza," anasema, akigeuza njugu. "Pengine huko mwisho babu iko hai, ameoa bibi mwingine. Mtu akileta, sisomi. Nafungia njugu tu."