Teaser ya katuni ya kiboko ilivyotaka kuniumbua kwenye komunyo ya mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninayoandika hapa yametokea kweli. Aliyekuwepo ruksa kunisahihisha, ila asitaje jina langu. Niko Form Three na Mama huwa anasoma humu kwa simu ya shangazi.

Twende.

Nyumbani ni Viwanja Sitini, Ifakara. Mdogo wangu Upendo yuko darasa la nne, mwaka huu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Mama akampa achague: keki, au TV kubwa na spika za kukodi, watoto waangalie katuni.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimeona teaser mtandaoni, kionjo kifupi cha movie ya katuni. Kiboko mnene anaogopa maji. Anagusa mto kwa kidole, anapiga chafya, majani yote ya mti yanapukutika. Basi. Hakuna stori, hakuna nini, ila nilicheka mpaka nikapaliwa.

Nikamwambia, "Chagua TV. Siku yako hii kitu itakuwa imetoka."

"Una uhakika?"

"Dogo, unaongea na nani?"

Akaacha keki. Akatangazia darasa zima, na waliokuwa hawamsalimii wakaanza kumbebea begi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Huku kwetu movie ikitoka, wiki haiishi kaka wa librari ya movie pale Mlabani anakuwekea kwenye flash, tena ikiwa imetafsiriwa, DJ anaongea juu kwa Kiswahili. Komunyo ilikuwa bado miezi miwili. Nilijiona nimewahi.

Alhamisi kabla ya Jumapili yenyewe nikaenda na flash yangu.

Kaka wa librari akaiangalia teaser mpaka mwisho. Mimi sikuwahi kufika huko. Kiboko akipiga chafya tu, mimi nashea.

"Mwanangu, soma hapo chini."

Mwakani. Tena mwishoni mwa mwaka.

"Hawa hata kuchora hawajamaliza," akasema. "Na hiyo chafya wanaweza kuwa wameitengeneza kwa ajili ya teaser tu, kwenye movie usiione. Wanakutega mapema, ikija kutoka uwe ushawatangazia bure."

Nikalifikiria darasa zima la Upendo. Yaani nimefanya promosheni ya watu Ifakara nzima bila kupewa hata T-shirt.

Nilikaa na hiyo siri mpaka Jumapili tulipotoka kanisani. Nikamwambia akiwa na gauni lake jeupe. Hakulia. Bora angelia.

"Si uweke katuni nyingine?" nikajifanya kushauri.

"Zote wameshaziona. Wanakuja saa nane. Wewe ndiye ulisema."

Saa nane mkeka umejaa. Nikaweka teaser. Dakika moja na kidogo, ikaisha.

Mtoto mmoja, pilau bado mdomoni: "Ndiyo imeisha?"

Upendo ananiangalia.

"Hiyo ilikuwa ya Kizungu," nikasema, nikashika maiki. "Sasa inakuja iliyotafsiriwa."

Nikazima sauti, nikairudisha mwanzo, nikawa DJ. Kiboko akawa katokea Mlimba, kala mpunga wa watu, na mwenye shamba anamsubiri ng'ambo ya mto na panga. Wakacheka. Nikarudia, safari hii kiboko anakwepa kuoga kabla ya misa. Wakacheka zaidi.

Mara ya tano kichwa kikawa kitupu. Nikasema anayetaka aje. Wakasukumana kugombea maiki, kila mtoto na kiboko wake.

Upendo akashika maiki mwisho. Kiboko wake alikuwa na kaka anayejua kila kitu, na ndiye aliyemwambia mto umekauka, kumbe maji tele.

Hapo ndipo walipocheka kuliko kote. Na mimi nilicheka, kwa shida.

Wakati wa kuondoka wakamuuliza, "Upendo, nzima inatoka lini?"

Hakuniangalia hata.

"Mwakani. Mtakuja hapa hapa."

Wakuu, nilichojifunza: teaser haidanganyi. Inakuuzia hamu ya kitu ambacho bado kiko jikoni, na mwaka wameuandika pale chini ambapo mwenye haraka hafiki. Angalia mpaka mwisho ndipo ufungue mdomo.

Waliowahi kutegwa hivi, karibuni mseme, hata wa kunicheka njooni. Mimi mwakani nina watoto thelathini wa kuwajibu, na safari hii aliyewaahidi siyo mimi.