Sikio la Mwisho la Dada Ou

Mwezi wa tatu, siku ya manyunyu, niliuona mkono wa Dada Ou ukitetemeka ndani ya sikio la mtu, nami nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kutojua. Nilijua kuliko wote waliokuwapo, kwa sababu sheria yake aliitamka mbele yangu miaka mingi nyuma: "Siku mkono wangu ukitetemeka ndani ya sikio la mtu, nafunga kazi hapo hapo. Hata kama limebaki sikio moja."

Dada Ou Guifang alikuwa msafisha masikio katika bustani ya chai iliyo nyuma ya hekalu letu, hapa mjini Chengdu. Mimi ni mchemsha maji wa bustani hiyo hiyo. Wateja hukaa kwenye viti vya mianzi tangu asubuhi na kikombe kimoja cha chai. Mimi nazunguka kuwaongezea maji, na yeye alikuwa akizunguka na vijiko vyake vyembamba, koleo yake, unyoya wa bata bukini, na kile chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hulia muda mrefu.

Jina langu ni Xiong Daquan, ila hakuna anayeniita hivyo isipokuwa mke wangu akinuna. Wengine wote huniita Birika, na msidhani ni kwa sababu ya kazi. Nilikuwa mtu wa kuchemka. Baba alinizaba kofi la sikio la kushoto nikiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo sikio hilo linavuma mchana kutwa. Sikumruhusu mtu kuligusa, hata kinyozi. Ukinisemesha upande huo nilidhani unanitukana, na mara nyingi nilijibu kabla sijasikia.

Miaka kumi na saba iliyopita nilipindua meza ya chakula nyumbani, bakuli na vyote. Sababu siikumbuki, na hilo peke yake lanitia aibu mpaka leo. Peirong, mke wangu, akamchukua binti yetu wakaenda kwao Zigong. Wiki ile ile nikammwagia mteja maji ya moto kiatuni eti kwa kuwa ameniita mara mbili. Mwenye bustani akanipa mpaka mwisho wa mwezi nitafute pengine.

Hapo ndipo Dada Ou alipokuja jikoni kwangu. Hatukuwa na mazoea, salamu tu.

"We Birika, maji haya yanachukua muda gani kuchemka?"

"Yanachukua muda wake. Kwani una haraka ya nini?"

"Na wewe hapo katikati unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Husubiri wewe. Unagombana na jiko. Hebu njoo hapa usimame."

Sijui kwa nini nilimtii. Labda kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kugombana naye tena. Alinipanga miguu usawa wa mabega, magoti yakalegea kidogo, mikono ikainuka mbele yangu kana kwamba nimekumbatia mtungi wa mchele. Ulimi juu, kwenye kaakaa. Mabega chini. "Pumzi iache ishuke yenyewe mpaka chini ya kitovu," alisema. "Usiisukume, si mkokoteni." Kisha akaondoka kwenda kusafisha masikio ya watu, akaniacha nimekumbatia hewa mbele ya jiko huku wateja wanacheka.

Wiki ya pili miguu yangu ilianza kutetemeka, kwanza magoti, halafu mapaja yote. Mwalimu Pu, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na sasa anafundisha kila kitu, alisimama na kikombe chake. "Mwoneni Birika! Chi imemwingia, mwili unakwenda wenyewe." Kwetu watu huamini hivyo, kwamba pumzi ya ndani ikikolea humtikisa mtu bila yeye kutaka. Nilivimba kichwa. Siku kumi tu, na mimi nimefika! Nikamkimbilia Dada Ou.

"Dada, nimeipata. Inanitikisa."

Alinitazama miguu, akaniangalia usoni, akarudi kwenye vijiko vyake. "Si chi hiyo. Ni miguu imechoka. Kasimame."

Nilikasirika mpaka jioni. Lakini kesho yake nilisimama, na kesho kutwa, kila birika mara moja, na kwa siku nachemsha mabirika mengi. Hakunipa mafundisho marefu. Alisema hasira ikipanda nisishindane nayo wala nisiifuate, nijue tu imefika wapi: iko tumboni, iko kifuani, sasa iko kooni. "Ukishajua iko wapi, mimina chai." Nikamimina. Mwisho wa mwezi ulipita na mwenye bustani hakusema neno. Mwaka wa pili Peirong alirudi "kuchukua makoti ya baridi", akakaa wiki, makoti yakabaki kabatini. Wala sijapata kupindua hata kijiko tangu hapo. Kama nina nyumba, nina mke anayeninunia na binti anayenipigia simu kila Jumapili, mwanzo wake ni yule mwanamke na mabirika yangu. Nalisema wazi kwa sababu zamani nilikuwa naona haya kulisema.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maajabu. Alifanya kazi kiwanda cha nyuzi mpaka kikafungwa, mume akamfia, akiwa na miaka arobaini akaenda kwa mjomba wake kujifunza masikio. Mwaka mzima mjomba alimwokotesha punje za ufuta juu ya tofu, ile jibini laini ya soya, kwa koleo. Akiitoboa tofu, ndicho chakula chake cha mchana. Alisema mwaka ule alikula tofu mpaka akaichukia. Kusimama alifundishwa na mtawa wa Kitao kule mlima Qingcheng, na kuketi alijifunza kwa watawa wa Kibudha wa hekalu letu, ambao aliketi nao kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni. Watu walimchokoza: "Sasa wewe Ou ni wa upande gani?" Akajibu, "Mimi naanza na sikio la kulia."

Lakini kazini ndiko alikokuwa mtawa kweli, ukiniuliza mimi. Kabla ya kila sikio alivuta pumzi tatu. Kijiko kikiwa ndani hakubana pumzi hata mara moja. "Anayebana pumzi anabana na mkono," alisema. Akimaliza, aligonga kile chuma, akakisogeza karibu na sikio, na mlio ukiwa unafifia yeye na mteja walisikiliza pamoja mpaka ukaisha. Wateja walifumba macho. Yeye pia alifumba.

Sasa turudi kwenye manyunyu ya mwezi wa tatu. Mkono wake wa kulia ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena. Kabla sijaweka birika chini, Mwalimu Pu alishaona, na akasimama vile vile alivyosimama kwa ajili yangu. "Jamani, tazameni mkono wa Ou. Miaka ishirini na saba ya kusimama. Chi imekomaa, mkono unakwenda wenyewe."

Habari ikaenea. Watu wakaja kutoka mtaa wa pili. Mama mmoja alikataa kusafishwa kwa mkono uliotulia, akasema atasubiri utetemeke. Nami nilimwangalia Dada Ou usoni, nikaona kitu nisichowahi kukiona: alikuwa anaona haya, na anafurahi.

Ningesema nini? Kazi ile ndiyo maisha yake. Hana mtoto, hana mume, ana chumba kimoja na vijiko. Nimwambie wewe ni mgonjwa, funga? Asante ya punda ni mateke, na mimi niliogopa kuwa punda. Nikajiambia labda Mwalimu Pu safari hii kapatia. Nikamimina chai siku ishirini na zaidi, na kila nilipopita karibu yake niliangalia birika langu.

Siku chache baada ya watu kufagia makaburi ya wazee wao, kama desturi yetu kila mwezi wa nne, akaja Luo, dereva wa teksi, akaketi. Kijiko kilikuwa ndani mkono uliporuka. Luo akashtuka, akashika sikio. Pamba ikatoka na tone la damu. "Chi kali hiyo," Luo alisema akicheka, na watu wakacheka. Lilikuwa chubuko la mlangoni tu. Lakini ngoma ya sikio haiko mbali na mlango, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Aliitazama pamba ile, akaikunja, akaitia mfukoni, akaita mteja mwingine.

Kesho yake asubuhi tulisimama jikoni mimi na yeye, kama kawaida yetu kabla wateja hawajaja, birika likiwa motoni. Mikono yetu imekumbatia mitungi yetu ya hewa. Wa kwake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Hofu ilinipanda: iko tumboni, iko kifuani, sasa iko kooni. Safari hii nikamimina maneno.

"Dada, si chi hiyo," nilisema. "Ni mkono umechoka."

Hakugeuka. Birika lilianza kuimba, na hakuna aliyelitoa.

"Umeuona lini?"

"Siku ya manyunyu."

"Ile ya mwezi wa tatu?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo umenimiminia chai wiki tatu na zaidi, unaniangalia tu." Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Ningemtoboa mtu, Birika. Ningemtia mtu uziwi, nawe umeshika birika lako."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma gani hiyo ya kuniachia nimchubue Luo?" Akashusha mikono. Akauangalia ule wa kulia, na machozi yakamtoka. "Hata hivyo wewe una nafuu. Wewe uliogopa. Mimi nilipenda kusifiwa. Miaka yote hii nawaambia watu wasikimbilie wanachokihisi mikononi, halafu Pu ananisifu mara moja na mimi huyo! Mganga hajigangi, kweli."

"Dada, utaishije?"

"Nitaishi. Toa birika, litakauka."

Wateja walipojaa, Mwalimu Pu aliketi kwenye kiti chake akageuza sikio la kulia, tayari.

"Nimefunga, Mwalimu," Dada Ou alisema.

"Unafungaje, na chi ndiyo kwanza imekomaa?"

Akanyoosha mkono wake juu ya meza, mbele ya watu wote, akauacha utetemeke kama walivyotaka. Vikombe vililia kwenye visahani. "Ni ugonjwa, Mwalimu. Nimeshauficha kwa sifa zenu, na mficha maradhi kilio humfichua. Luo, mwanangu, nisamehe." Luo akasema sikio lake zima, asijali, akainamia chai yake. Mwalimu Pu alikisogeza kikombe chake pembeni. Akasimama akampisha Dada Ou kiti chake cha mianzi, kile asichompisha mtu.

Hakuketi. Aliniangalia mimi.

"Limebaki sikio moja. Birika, kaa."

"Lipi?"

"Unalijua lipi. Miaka kumi na saba unaninyima."

"Dada, kwa mkono huo?"

"Vijiko nimeviweka. Nina unyoya, nao hauchubui mtu. Hata ukitetemeka, bukini hakatazi."

Watu walicheka, mimi sikuweza. Niliketi, nikageuza sikio la kushoto. Nilisikia kofi la baba linakuja, kama linavyokuja siku zote mtu akisogea upande huo, na nikatafuta mabega yangu, nikayashusha, nikaiacha pumzi ishuke yenyewe. Pembeni yangu nilimsikia yeye akivuta zake tatu. Unyoya ukaingia. Ulitetemeka, na mimi sikutikisika. Aliegemeza kiganja shavuni kwangu ili apate pa kushikilia, na mtetemo wote ukapita usoni mwangu. Kusimama kote kule mbele ya jiko, siku ile kulipata kazi yake.

Alipomaliza akagonga chuma. Mlio uliingia kwenye sikio ambalo halikuwahi kupewa kitu kizuri tangu nikiwa na miaka tisa. Nikausikiliza ukipungua, ukipungua, mpaka ukabaki mvumo wangu wa zamani peke yake.

"Umeisha?" aliniuliza.

"Umeisha, dada. Asante."

"Basi kawaongezee watu maji."

Daktari alisema ugonjwa huo hauponi, ila huenda polepole. Jumanne na Ijumaa Peirong humpelekea supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi. Vijiko amempa mjukuu wa mjomba wake, na chuma amenipa mimi, kiko juu ya rafu ya majani ya chai. Na kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, ameshafika. Tunasimama. Mtungi wake wa hewa unatikisika upande wa kulia, na siku moja, miguu yangu ya uzee ilipoanza kutetemeka, nilimsikia akicheka pembeni yangu.

"Mwenzangu, nawe imekuingia?"

"Ni miguu imechoka, dada."

"Haya. Tusimame."