Swali la Joka

Juzi binti yangu alimzuia mwenzake mlangoni, akamwambia asome kitabu kwanza ndipo aangalie filamu. Nikasikia harufu ya tangawizi, ingawa ndani hatukuwa nayo.

Nilipokuwa msichana, Nakijwa, mtoto wa shangazi, aliletwa kwetu milimani kutoka kijiji cha Kisiwani, kule tambarare. Vidole vyake vilinukia tangawizi aliyokuwa akimsafishia mama. Nilimpa kitabu cha joka wiki nzima, akisome kabla ya kuangalia filamu yake. Kila siku alikipakata, akapapasa picha ya jalada, nami nikadhani ni uvivu tu.

Alasiri ya filamu nilisimama mlangoni na swali langu. Wadogo zangu, niliokuwa nimewafundisha jibu, walijibu wakapita.

“Joka lilifia wapi?” nikamuuliza Nakijwa.

“Halikufa, dada.”

Tulicheka. Nikamwambia aende jikoni akaangalie makande, wavivu hawaangalii filamu.

Ukungu ulikuwa umeshuka, na nyuma ya ukuta mwiko uligonga sufuria taratibu. Kitabuni joka lilifia mtoni. Kwenye filamu liliruka, likapotea mawinguni, zima kabisa. Wadogo zangu wakanitazama. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Siku hizi najua kwamba Nakijwa alikuwa amechunga mbuzi tangu utotoni, hakuwahi kukalia dawati. Wakati ule sikulijua hilo. La joka nililijua.

Alipotuletea makande aliniuliza kwa sauti ya chini, “Dada, lilikufa?”

“Lilikufa,” nikamjibu. “Mtoni.”

“Asante kwa kuniambia,” akasema, akarudi jikoni.