Wanawake wa Filda Hawalii

Mwanamke wa Logiri akikaribia kujifungua hakosi washauri. Mama mkwe ana lake, wifi ana lake, hata muuza muhogo sokoni ambaye hajawahi kulea paka naye ana lake. Filda peke yake ndiye aliyekuwa akimwuliza mwenye tumbo, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe mwenyewe nataka nini?" kisha akakaa chini kungoja jibu.

Hakuwa mkunga. Wa mbali walimdhania hivyo, naye alicheka akiwaonyesha viganja vyake vilivyokomaa kwa jembe. Kazi yake, kama hiyo ni kazi, ilikuwa kusindikiza. Alipanda bodaboda na mama mpaka hospitali mjini Arua, amebeba beseni, kavera, ile plastiki ya kutandika kitandani, wembe mpya na chupa ya uji. Humo wodini alimsugua mgongo, alimshika mkono, na mkunga akiuliza jambo alihakikisha anayejibu ni mwenye mimba mwenyewe. Mama akitaka kuzaa amechuchumaa, Filda alimwombea ruhusa. Akimtaka mumewe awe karibu, Filda alitoka kwenda kumtafuta huyo mume huko alikojificha, na ole wake akimkuta amelala. Kwa hayo tu alistahili kupendwa, na kweli alipendwa.

Lakini sifa iliyomvumisha mpaka vijiji vya Dadamu ilikuwa nyingine. Wanawake wa Filda hawalii. Wengine wodini walipiga mayowe mpaka walinzi wa getini wakageuza shingo, ila wa Filda aling'ata ncha ya kitenge na kutoa jasho kimyakimya. Kijijini hilo ni jambo kubwa. Mwanamke aliyepiga kelele siku ya kuzaa huigizwa kisimani na wenzake wakijaza madumu, na utani huo humfuata mpaka mtoto anaanza shule. Wa Filda hawakuigizwa na mtu. Waliteka maji yao na kuondoka vichwa juu.

Ukimya huo Filda aliupata mahali pabaya. Miaka ile ya vita, watu wa huku walipokuwa wakikimbilia Kongo na Sudani, yeye alikuwa bibi harusi mchanga mwenye tumbo la kwanza. Uchungu ulimkamata adhuhuri, katikati ya nyasi ndefu karibu na mpaka, yuko na mama yake na majirani waliobeba vyungu na kuku. Askari walikuwa wakipita njiani, karibu kiasi cha kusikika wakikohoa. Mama yake alimsokomezea pindo la nguo mdomoni, akamwekea kiganja juu yake, akamnong'oneza, "Ukilia tunakufa wote." Filda hakulia. Alimzaa Adrabo bila sauti, na wanasema hata Adrabo mwenyewe alinyamaza mpaka viatu vilipopita. Hapo mimi siamini sana, kwa sababu sijaona mtoto mwenye adabu hiyo, lakini ndivyo walivyoisimulia wale waliovuka hai. Walivuka wote, na kuku wao.

Utamlaumu mtu kama huyo? Amejifunza siku moja tu, tena kwa kupona, kwamba mwanamke anayejikaza anaokoa watu. Tangu hapo kila mama aliyemshika mkono alimpa zawadi ile ile, na aliitoa kwa moyo mweupe kabisa.

Adrabo alikua, akaoa mwanamke wa Kikakwa kutoka Lobule, akahamia Koboko kufanya kazi ya useremala. Binti yao wa pili aliitwa Keji. Keji alilelewa kwa Kikakwa cha mama yake, kwa hiyo yeye na Filda walielewana kwa Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa namna yake na kumcheka mwenzake. Neno moja tu la Kilugbara cha bibi yake halikumbanduka Keji mdomoni: dede, yaani bibi. Kila likizo alikuwa Logiri, akichambua maharage na kuomba asimuliwe tena hadithi ya nyasi. Aliijua kuliko sala. Filda akikosea kidogo, Keji alimsahihisha: "Hapana, dede. Kwanza askari nakohoa, ndiyo mama yako naweka mkono."

Keji aliolewa Lobule na kijana mpole aitwaye Severino. Mtoto wa kwanza alikwama, na madaktari wakamtoa kwa upasuaji. Alitoka salama, msichana mnono. Lakini mdomo wa mtu hauna kufuli. Wanawake wa ukoo wa Severino walimsalimia Keji kwa huruma ya uongo, wakisema mtoto amezaliwa na daktari, yeye alilala tu usingizi. Keji, aliyekuwa amelia siku nzima kabla ya kisu, aliambiwa pia kwamba kilio chake kilisikika mpaka barabarani. Keji alicheka nao. Kisha mimba ya pili ilipoingia, alipanda gari akaja Logiri.

"Dede, mi nataka kuzaa mwenyewe," alisema kabla hajakaa. "Na mi nataka kuzaa na wewe."

Filda alimpeleka Arua kwa Sista Kevina, mkunga aliyezoeana naye miaka mingi, mwanamke wa maneno machache na hatua za haraka. Sista alilipapasa tumbo, akalitazama kovu, akauliza la kwanza lilikwenda vipi. Kisha akasema kujaribu kunawezekana, ila kuwe hapa hapa, karibu na chumba cha upasuaji, si nyumbani.

"Na moja nasikia vizuri," Sista alisema, akigonga kidole kwenye kovu. "Uchungu ya mtoto nakuja, nakwenda. Kama hapa naanza kuuma na hapana kwenda, wewe naita mimi. Hapana ngoja. Napiga kelele mpaka mi nakuja. Nyinyi wote wawili nasikia?"

"Tunasikia," alisema Filda.

Alisikia kweli, na uamuzi ule haukuwa mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walilaumu uamuzi, wakasema mtoto wa mjini alijifanya mjuaji. Wanawake wengi huzaa hivyo na kurudi nyumbani wakitembea. Keji alichagua kwa akili yake, akashauriwa vizuri, na bibi yake akasimama upande wake hata Severino alipoingiwa na hofu. Kosa halikuwa hapo.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi njema, jua halijawa kali. Filda alifungasha beseni, kavera, wembe na uji. Mjini, Keji alishuka kwenye bodaboda akitabasamu, akaingia wodini kwa miguu yake. Uchungu ulikuja na kwenda kama ulivyoagizwa. Filda alimsugua kiuno, akamnywesha uji, akamtembeza dirishani akaone watu wakigombania kivuli. Mtoto alisikika vizuri kila Sista alipoweka chombo cha kusikilizia. Kwenye kitanda cha mwisho kulikuwa na msichana aliyekuwa akipiga mayowe na kumtukana mumewe na ukoo wote wa mumewe, na Keji na Filda walitazamana wakacheka kidogo. Keji akachukua ncha ya kitenge, akaing'ata.

"Ndiyo," alisema Filda. "Ndiyo hivyo, mtoto yangu. Jikaza."

Mchana uchungu ukapanda. Keji alifumba macho. Mkono wake uliubana mkono wa Filda mpaka pete ikamwumiza bibi kidoleni, kisha, badala ya kuulegeza kama alivyofanya tangu asubuhi, akaendelea kuubana. Mkono wake wa pili ulishuka chini ya tumbo, palipo na kovu, ukatulia pale. Filda aliuona. Aliuona mkono ule, akauona na uso ule uliofungwa kabisa, na alichohisi moyoni, Mungu amsamehe, kilikuwa fahari. Alimwona yule binti wa kwenye nyasi.

Sista Kevina alipita akikimbilia kitanda cha mwisho, ambako mayowe yalikuwa yamezidi. Hata hivyo alisimama. "Keji, vipi? Iko mahali nauma?"

Keji alifumbua macho, hakumtazama Sista. Alimtazama bibi yake.

"Huyu iko sawa, Sista," alisema Filda. "Huyu ni mutu yangu."

Keji akatikisa kichwa kukubali. Sista akaenda kwa aliyekuwa akilia.

Miaka yote ile Filda alikuwa amehakikisha mwanamke anajibu mwenyewe. Mara hii moja alijibu yeye.

Baada ya muda uchungu ulitulia ghafla. Filda alidhani mwili unapumzika, akamfuta Keji jasho, akashangaa jasho lenyewe ni la baridi. Midomo ilikuwa imepauka. Alipoinua shuka aliona damu, naye hapo ndipo alipopiga ukelele, wa kwanza wodini mle tangu aanze kuingia. Sista alifika mbio, akaweka mkono tumboni, akaita watu. Hakuna aliyezembea. Walisukuma kitanda wakikimbia, na Filda akakimbia kando yake ameshika reli ya chuma.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji Keji aligeuza kichwa. Kitenge kilikuwa bado kwenye kona ya mdomo, akakitoa kwa ulimi.

"Dede," alisema, sauti imekwisha kabisa, lakini uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto aliyeshinda mtihani. "Naona? Mi hapana lia."

Mlango ukafungwa. Kovu lilikuwa limepasuka kwa ndani, kwenye mji wa mimba. Mtoto alikuwa mvulana, naye alitolewa amekwisha kufa. Keji alimfuata kabla jua halijatua.

Waliwazika Lobule. Msiba wa huku una sauti. Wanawake huanza kulia wakiwa bado barabarani, na asiyelia hutazamwa. Filda alitazamwa sana. Alikaa mkekani karibu na kaburi, meno yameumana, hakuweza kutoa hata mguno. Wazee husema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio chenyewe kilikuwa cha wengine. Wakwe wa Keji walinong'ona kwamba bibi ana moyo wa jiwe. Wale wale waliokuwa wakimcheka marehemu kwa kulia sasa walimlaumu bibi kwa kutolia. Binadamu hatosheki.

Jioni watu walipopungua, Adrabo alikuja akakaa karibu na mama yake. Alikuwa ametengeneza jeneza kwa mikono yake, na unga wa mbao ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mama, ile hadithi ya nyasi," alisema. "Nani alimwambia Keji?"

"Mimi."

Adrabo aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyezaliwa katika hadithi ile. Alivuta pindo la shuka la mama yake likamfunika miguu, maana upepo ulikuwa umeanza, akanyanyuka akaenda kuangalia moto.

Filda aliacha kusindikiza. Alilima, alisali, na watu walimwacha. Mvua zilipita, zikarudi. Kisha Scovia, mke wa jirani, mwenye mimba ya kwanza na hofu ya dunia nzima, akaanza kuja kila siku na sababu za uongo: mara chumvi, mara moto. Mwishowe akaitoa ya kweli. Alimtaka Filda aende naye, kwa sababu wanawake wa Filda hawalii.

Filda alitaka kumfukuza. Badala yake alijisikia akiuliza, "Wewe mwenyewe nataka nini?"

"Nataka mutu ya kushika mimi mkono."

Kwa hiyo alirudi wodini, na beseni na kavera na uji. Kitanda kilikuwa kingine, lakini dirisha ni lile. Mchana uchungu wa Scovia ulipopanda, msichana alivuta ncha ya kitenge akaing'ata, akamtazama Filda akingoja sifa. Filda akakivuta kitenge kutoka mdomoni mwa Scovia.

"Lia," alisema.

Scovia akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, midomo ameikaza. Haya ilikuwa imemshika. Alikuwa amesikia sifa ile tangu utotoni, angewezaje kuitupa kwa neno moja?

"Lia, mtoto yangu. Kama nauma, sema nauma. Napiga kelele. Mi naomba."

Scovia alikaza zaidi. Mkono wake uliubana mkono wa Filda, na pete ikamwumiza bibi pale pale.

Basi Filda akafungua mdomo. Kilitoka kitu ambacho hata yeye hakukijua, kirefu, cha chini kwanza kisha cha juu, kikapita dirishani mpaka kwenye watu wa kivulini, na hakikukoma. Alimlia Keji, akamlia kitukuu chake asiyepewa jina, akamlia na yule binti mchanga aliyewekewa kiganja mdomoni adhuhuri ile na ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba askari wamekwisha kupita. Scovia alimkodolea macho. Kisha uchungu ukamjia tena, naye akafungua mdomo, wakalia wote wawili wameshikana mikono.

Sista Kevina alikuja mbio, amevaa glavu mkono mmoja. Alisimama kati yao, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nani? Nani iko na uchungu?"

Filda alimwonyesha Scovia kwa kidevu.

"Angalia huyu kwanza," alisema. "Uchungu ya mimi imechelewa."