Bafta ya Kutegea Nondo

Mimi skuli nilikaa mpaka darasa la tatu, nikatoka mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Nimegonga mawe, nimechoma chokaa, nimepiga matofali, na nyumba hii ya Chukwani nimeijenga bila ya kumwomba mtu hata msumari. Nayatanguliza haya ili anayesoma ajue kuwa habari za ndege na nondo sikuzipata kitabuni.

Wa vitabu ni mjukuu wangu. Anasoma chuo, na kaskazi iliyopita, jua likiwa kali mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, alikuja kwangu na darubini, daftari, na taa inayotoa mwanga wa zambarau. Alitakiwa alfajiri ashuke pwani, maji yakianza kutoka, awahesabu ndege wanaokuja kwetu kukimbia baridi ya kwao. Na usiku ategee nondo, wale vipepeo wa kiza wanaozonga taa. Mwalimu wake alitaka masiku saba ya nondo. Sita hayakubaliki. Tena yawe masiku ya giza, maana mwezi ukishakuwa mkubwa nondo hawaijali taa. Akikosa, angoje mwakani, na mwakani wenzake watakuwa wameshamaliza.

Kwa ndege tulianza vizuri. Nilimwonesha yule mrefu wa mdomo uliopinda, nikamwambia huyo sululu. Wale wadogo wanaokimbia mchangani kama wamechelewa maziko, hao vitwitwi. Akasema vitwitwi wako wa namna nyingi. Nikamuuliza kama wenyewe wanajua. Akanipa darubini nitazame. Nikaiweka machoni, nikaona kope zangu, nikamwambia naona vizuri sana.

Mtego wa nondo ulikuwa nyuma ya nyumba. Shuka nyeupe ya bibi yake tuliitundika ukutani, taa mbele yake, na chini trei tupu za mayai, kwa sababu nondo akishachoka kuzunguka hupenda kujificha kwenye vishimo vile. Kukicha, mjukuu anawahesabu, anachukua mmoja wa kila namna kwa sanduku lake, waliobaki wanakwenda zao.

Tabu ilikuwa kucha kwenyewe. Saa ile ile anayotakiwa pwani ndiyo saa ambayo shorewanda na kunguru wanakuja ukutani kufungua kinywa. Kwao ile shuka ni sinia. Basi nikasema nitalinda mimi. Akaniuliza, kwa adabu, kama nitaweza. Nikamwambia nimelinda tanuri la chokaa usiku kucha na nilikuwa sina hata kiti, nitashindwa na kunguru?

Siku tano sikushindwa. Ya sita nilifumba macho. Bibi yake anasema nililala na nilikoroma, lakini yeye alikuwa ndani. Nilipofumbua, kunguru walikuwa wamekula, wamechana, na wameifanyia shuka mambo ambayo sitayaandika. Kwenye trei zilibaki mbawa tupu. Mjukuu alirudi kutoka pwani, akatazama. Akaziokota zile mbawa moja moja akazitia kwenye chupa. Bora angenitukana.

Masiku ya giza aliyoyapata yalikuwa manane. Mmoja ulikuwa wa akiba, na huo nilikuwa nshautumia mimi. Wa saba aliukamata mwenyewe: hakushuka pwani siku ile, alikaa hapo hapo akalinda. Ukabaki wa mwisho, na Jumamosi mwalimu anakuja kulitazama sanduku.

Shuka bibi yake aliichukua akasema haitoki tena. Alhamisi mchana mjukuu akataka kuniandikia vitu vya kununua. Nikamwambia asiandike, mimi nashika kichwani. Bafta nyeupe yadi tano, badala ya shuka. Pamba, ya kulalia wale nondo wa sanduku. Na kafuri, sisimizi wasiwaguse.

Nikapanda vespa mpaka Darajani, kwa mwenye duka tunayejuana kwa salamu. Uso wangu mimi hata nikiwa na furaha huwa kama nimekasirika, na siku hiyo furaha sikuwa nayo, nilikuwa nawaza kunguru. Nikataja vitu vyangu vitatu kwa mpango: bafta, pamba, kafuri. Yule bwana akaacha kutafuna. Akaniuliza kwa sauti ya chini habari za nyumbani. Mimi si mtu wa kupamba maneno, nikamjibu kuwa nyumbani si kuzuri na kosa ni langu. Akaniuliza lini. Nikamwambia mambo yote ni alfajiri.

Akapunguza bei kabla sijaomba. Nikaomba, akapunguza tena. Kafuri hakutaka hata kuitia kwenye hesabu. Nikarudi njia nzima najisifu. Miaka hamsini ya kubishana bei, nikasema, leo wameanza kuniogopa.

Sasa, kama msomaji amekulia Unguja ameshaniona mjinga. Mwanamme mzima anaingia dukani na uso ule, ananunua sanda, pamba na kafuri, halafu anashangaa kuuziwa rahisi. Lakini wallahi halikunipitia. Mtu akiwaza kunguru, anawaza kunguru.

Usiku ule mjukuu alikataza mwangaza mwingine wowote. Tulizima taa za nyumba, tukazima na simu. Baadaye nilikuja kujua kuwa mwenye duka alimpigia shemeji yangu wa Kizimkazi, kaka yake mke wangu, ambaye ni mteja wake, kumpa pole ya msiba wa dada yake. Shemeji akapiga kwetu, simu zimefungwa. Akampigia jirani. Jirani akachungulia, akaona nyumba giza, nyuma kuna taa moja na nguo nyeupe imetandazwa. Hapo hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi.

Nilisali alfajiri nikakaa kwenye kigoda changu na fimbo. Mjukuu alishuka pwani, na safari hii aligeuka mara mbili kunitazama. Bafta ilikuwa imejaa. Sijapata kuona wingi ule. Katikati yao alikuwepo mmoja wa kijani hafifu, mkubwa kama kiganja changu, ana mikia miwili mirefu kama bibi harusi anayeburura nguo. Masiku yote hakuwahi kuja. Nikamwambia wewe huliwi mbele yangu.

Kunguru watatu walikuwa tayari juu ya ukuta.

Ndipo nikasikia viatu vingi upenuni. Sikugeuka, kunguru anataka ugeuke. Kwa pembe ya jicho nikaona makanzu, ishirini na kitu, na jeneza la msikiti mabegani, na mbele shemeji, jitu la watu, analia kama mtoto.

"Msisogee," nikasema. "Mkisogea wataruka."

Shemeji akawaambia wenzake taratibu kuwa majonzi yamenizidi. Akachutama karibu yangu. "Subira, shemeji. Dada yangu yuko wapi?"

"Yumo jikoni, anakaanga mandazi."

Akazidi kulia. Akamgeukia imamu: "Unamsikia? Ameshapotea huyu."

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mke wangu na unga mikononi. Pembe moja ya jeneza ikateremka ghafla, ikamgonga mtu mguuni. Mke wangu akalitazama jeneza, akaitazama bafta, akanitazama mimi. Mimi akanitazama kwa kitambo.

"Nani kafa?"

Makanzu yote yakatazama chini. Imamu ni mtu wa adabu na hakupenda kumwachia mwengine. "Ni wewe, Bi," akasema.

"Mimi? Na mafuta yangu yako motoni?"

Shemeji akainuka kwa kishindo amkumbatie dada yake, na kishindo kile kikawashtua nondo. Walioruka waliruka. Wa kijani akapepesuka hewani, akarudi kutua pembeni kabisa, chini ya kunguru. Kunguru wakashuka wote watatu, huyu huku, huyu kule, na mimi fimbo ni moja na magoti ni haya. Niliona ile chupa ya mbawa mbele ya macho yangu.

Nikasema neno ambalo sikumbuki kulisema katika umri wangu.

"Jamani, nisaidieni."

Nashukuru walikuwa watu waliozoea kupanga safu. Hawakuuliza sababu. Waliweka jeneza chini, wakajipanga bega kwa bega kuizunguka bafta, wakavua kofia wakawa wanapunga. Shemeji akasimama pembeni kwa yule wa kijani, na pale aliposimama shemeji hata upepo haupiti. Kunguru wakarudi juu ya mnazi wakatutukana. Mke wangu alitoa mandazi, lakini kwa zamu, safu isivunjike.

Mjukuu aliporudi kutoka pwani aliliona jeneza kwanza. Alidhani ni mimi. Alitupa darubini ya chuo mchangani akaja mbio, akanikuta nimesimama na andazi mdomoni. Ndiyo mara pekee aliyolia wiki ile. Halafu akajifuta, akachukua daftari, akaanza kuhesabu, na wale waliokuja kuzika wakawa wanamnyooshea vidole: huyu hapa, binti, umemruka huyu. Masiku saba ya mwalimu yakatimia. Wa kijani alihesabiwa, na sandukuni hakuingia. Shemeji alikataa katakata, akasema hakulinda kitu ili kiuliwe. Yule nondo akaondoka zake na mikia yake, na mwalimu alipokuja Jumamosi alioneshwa picha.

Jeneza lilirudi msikitini tupu. Bafta mke wangu aliifua, akaipiga pasi, akaifukiza udi, akaifungia ndani ya sanduku lake la nguo. Nikamuuliza ni ya nani kati yetu.

"Ya atakayetangulia," akasema. "Ila mimi nitakuangalia vizuri kwanza. Wewe una tabia ya kufumba macho."