Herufi Mbili kwenye Buti

Mkunga wa zahanati hakujua kukaa. Hata chai aliinywa akitembea, na wenzake walimbatiza Pangaboi, maana kutwa kucha alikuwa akizunguka. Siku alipojinunulia gari, kuukuu lakini linakwenda, alilikuta limebandikwa stika nyuma: nyeupe, umbo la yai, herufi mbili nyeusi za nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

"Ibandue," mumewe, mwalimu wa jiografia, alimwambia. "Hiyo ni ya wavuka mipaka, ili gari lijulikane limetoka wapi. Wengine huiweka kwa kukumbuka kwao tu. Wewe unakumbuka nini?"

"Kesho, baba watoto."

Kesho hiyo haikufika. Kila akifunga buti aliichokonoa kwa ukucha, mara akaitwa wodini, akaiacha.

Asubuhi moja, hata hajazima gari, mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi alimkimbilia getini, akammiminia maneno asiyoyaelewa hata moja. Uso ulikuwa umemchanua.

"Samahani kaka," mkunga alisema. "Gari nimelinunua likiwa hivi hivi. Mimi si wa kwenu."

Uso ukamsinyaa yule bwana. Kwa maneno ya kuungaunga akaeleza kwamba yeye ni seremala, wamehamia majuzi, na mkewe ni mjamzito. Mke alikuwa amekataa katakata kuja zahanati, kwa kuwa hajui lugha ya hapa. Jana alipita hapo, akaliona gari. Akasema, hapa nitajifungua, kuna dada yetu.

"Yuko wapi sasa?"

"Kwenye benchi. Uchungu umeanza."

Mkunga alikimbilia kwenye benchi, akijiona kama vile ni yeye aliyedanganya. Mama yule alimshika mkono kwa nguvu, akaongea, akangoja jibu.

"Mwambie ukweli," mkunga alimwambia seremala.

Alipoambiwa, mama aliuachia mkono, akajiinua aondoke.

"Ngoja! Muulize, 'pumua' kwenu mnasemaje? Na 'sukuma'?"

Seremala akamtajia. Mkunga akajaribu, akaliboronga neno mpaka mama, katikati ya maumivu, akaangua kicheko. Akakaa tena.

Wakaenda hivyo hadi adhuhuri: seremala nyuma ya pazia akitaja maneno, mkunga akiyarudia kwa sauti, jasho likimchuruzika, huku mama akimsahihisha kwa ukali. Mtoto akatoka, wa kike, kelele tupu.

Stika haikubanduliwa. Mara mbili tatu watu wamempigia honi kwa shangwe barabarani. Husimama, huona haya, hueleza. Mumewe hucheka mpaka anashika mbavu.

Mfukoni mwa koti lake jeupe sasa ana karatasi ya maneno kumi na tisa aliyoandikiwa na yule mama. La "usiogope" bado linamshinda, na wagonjwa wamezoea kumsikia akilinong'ona, akienda na kurudi ukumbini, chai mkononi ikimwagika.