Kioo Kilichokaukia Dirishani

Mhariri, nifiche jina, maana huku kwetu nikipiga chafya Mlandizi naitikiwa Kisarawe. Nina miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Kisarawe, nimeolewa upande wa Kibaha katika kijiji cha ujamaa. Nafundisha elimu ya watu wazima. Wanaonijua wanasema nina mdomo. Ni kweli, na safari hii mdomo huo umeniponza.

Hedhi yangu ilishakoma. Mwaka huu, kila nikikutana na mume wangu naona matone ya damu. Nilikuwa nimesoma kwamba damu ya namna hiyo yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba kuna kipimo: ute huchotwa kwa kijiti bapa cha mbao, hupakwa kwenye kipande kidogo cha kioo, kisha kioo hupelekwa Dar es Salaam kutazamwa kwa hadubini. Kituo kimoja cha afya, sitakitaja, kilikuwa kimeanza kupima. Nikaamua kwenda.

Shangazi yangu, aliyenifunda nilipokuwa mwali, alikuwa amekuja kututembelea. "Unakwenda kuvuliwa nguo na watu baki hivyo hivyo?" akaniuliza. "Wewe ulichezwa unyago, au ulikuwa mtazamaji?" Akachemsha maji, akatia shabu ya kukazia na ndimu, nikajisafisha ndani mpaka nikakauka kama ubao. Ndivyo tulivyofundwa sote. Hakuna anayemwendea mkunga bila kujitengeneza.

Kituoni nesi hakuniuliza kama nimejiosha. Alichota, akapaka, akakiweka kioo dirishani penye jua pamoja na vya wenzangu, akaanza kubishana na mwenzake juu ya sukari ya duka la kijiji. Chupa ya spiriti ilikuwa mezani, imefungwa. Naondoka, vioo bado viko juani.

Jibu likaja: hakuna kasoro. Shangazi akapiga vigelegele. Lakini damu haikukoma. Nikaazima kitabu cha uuguzi, nikakuta kwamba mwanamke asijioshe ndani siku mbili kabla ya kipimo, na kwamba kioo kitiwe spiriti papo hapo, kingali kibichi, la sivyo chembe huharibika. Sasa yule wa Dar es Salaam alitazama nini? Shabu? Nikarudi kituoni.

"Shikamoo, Mwalimu," nesi akasema. "Majibu mazuri nayo umekuja kuyagombeza?"

"Marahaba. Damu bado ipo. Na kioo changu ulikianika kama dagaa."

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mama, spiriti tunaletewa kidogo, na ukiifungua mara kwa mara inaruka. Nasubiri vioo viwe vingi ndipo niifungue. Hakuna aliyelalamika."

"Watalalamikaje, nawe umewaambia ni wazima?"

Nesi akageuza maneno. Alisema mwenyekiti wa kijiji ananitaka nisimame kwenye mkutano wa akina mama, niwaambie nimepimwa na sina kitu. "Wakikusikia wewe watakuja."

Hapo ndipo moyo ulipoingia shaka. Kijijini umevuma uvumi kwamba kile kijiti kinaondoa kizazi. Nimegombana na wengi kuupinga, na mwenyekiti anajua hivyo. Je, nilipewa jibu la ugonjwa wangu, au jibu la mkutano? Kioo changu kilifika Dar es Salaam kweli? Mume wangu naye, nilipomwambia nataka kupimwa kwingine, aliniuliza: "Umeambiwa mzima. Unatafuta nini tena, au kuna jambo unalolijua wewe?" Tangu siku hiyo analala ukumbini.

Nikisimama nikasema niliyoyaona, wanawake watakimbia, na uvumi utakuwa umeshinda kwa mdomo wangu mwenyewe. Kipimo si kibaya. Kinachofanywa vibaya ni kazi. Nikisimama nikasifu, nitakuwa nawapeleka wenzangu wakapewe uzima wa uongo, nami nimekaa juu ya kitambaa chenye damu.

Mkutano ni Ijumaa baada ya swala. Shangazi, ambaye sasa ananisifia kila nyumba, anasema nikishuka tu jukwaani yeye ndiye wa kwanza kwenda kupimwa. Jana alinituma nikamnunulie shabu ya kujitengenezea.

Wasomaji, msiniambie nisubiri, wala msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Nishaurini: Ijumaa nikisimama mbele ya wale wanawake, niseme nini? Na damu hii niipeleke kwa nani?